Zumari Isiyokaa Kwenye Sauti Yake: Uhakiki wa Uyumbishaji wa Masafa kwa Kipeo katika Sintesaiza za Programu

Sintesaiza nyingi za programu zimerithi kanuni ya mitambo ya umeme ya miaka ya 1960, hasa ile ya Robert Moog: ongezeko la volti moja hupandisha sauti kwa oktavu moja. Kanuni hiyo inaafikiana na sikio, kwa kuwa sikio hupima uwiano wa masafa, si tofauti yake. Tatizo huanza pale wimbi moja linapotumiwa kuyumbisha masafa ya wimbi jingine kupitia njia hiyohiyo ya kipeo. Wimbi la msingi la Hz 440, likiyumbishwa oktavu moja juu na oktavu moja chini, hufika 880 na kurudi hadi 220. Hupanda kwa 440 lakini hushuka kwa 220 tu. Iwapo wimbi linaloyumbisha ni la sine, wastani huwa Hz 494 hivi, yaani toni nzima juu ya sauti iliyokusudiwa.

Wapo wanaoutetea mpando huo kwamba ni ladha ya mitambo ya zamani. Utetezi huo hauna budi kupimwa kwa muziki wenyewe, na Pemba inatoa mizani iliyo wazi. Ngoma ya msewe, inayohusishwa na kisiwa hicho, imepata jina lake kutokana na vifaa vinavyofungwa miguuni mwa wachezaji wanaume ili kutoa mdundo. Mchakacho wake hauimbi noti yoyote. Anayetaka kuunda sauti ya namna hiyo hufaidika na kipeo: uwiano wa mawimbi mawili huvunjika, vijisauti vya pembeni hutawanyika, na ukwaruzo hupatikana bila jitihada kubwa.

Zumari ni jambo jingine. Hiyo hubeba lahani, na lahani ina mahali pake. Katika taarabu ugumu huzidi, kwa sababu maqamu zilizorithiwa kutoka muziki wa Kiarabu hutumia pia hatua zilizo kati ya nusu toni na toni nzima. Kina cha uyumbishaji cha nusu oktavu tu husukuma sauti juu kwa senti 52 hivi, ambapo toni nzima ni senti 200. Hiyo ni robo toni. Kwa msikilizaji wa maqamu, hapo haijabadilika ladha, imebadilika noti.

Huenda ikadaiwa kwamba hata zumari halisi hupanda sauti mpulizaji anapozidisha pumzi. Ni kweli. Lakini mpulizaji anajisikia na kujirekebisha papo hapo, ilhali programu haina sikio.

Njia mbadala si ngeni. John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeanza majaribio yake mwaka 1967 na kuyachapisha 1973, aliyumbisha masafa kwa kiasi kilicho sawa juu na chini, hivyo wastani ukabaki palepale. Yamaha walipotoa DX7 mwaka 1983 waliyumbisha awamu ya wimbi, mbinu inayolinda sauti ya msingi vilevile. Kugawanya masafa kwa wastani uliokokotolewa awali nako husaidia, mradi umbo la wimbi linaloyumbisha lijulikane. Mawimbi matatu yanapofungamanishwa mnyororo, hesabu hiyo hutakiwa kufanywa upya kila mara, na wabunifu wachache hujisumbua.

Hata hivyo, kukiondoa kipeo kabisa kungekuwa kosa. Katika mtikiso wa polepole, wa mara tano au sita kwa sekunde na kina cha robo toni, mpando haufiki nusu senti, na sikio hupata masafa sawa juu na chini kama linavyotarajia. Kasoro iko katika kuweka kitufe kimoja kwa kazi zote, bila kuonesha ni njia ipi inayotumika. Mtayarishaji wa muziki wa Chake Chake anayetumia programu kama hiyo hulazimika kushusha kinanda kwa mkono kila anapozidisha kina, na huenda akadhani kwamba lililopotoka ni sikio lake.