Kisu Kinachoifuata Njia

Aliyewahi kuchinja mbuzi na kumkata vipande anajua jambo moja kuhusu miguu. Mguu wa nyuma lazima utafutiwe kiungo, kisu kizunguke mpaka kichwa cha mfupa wa paja kitoke kwenye tundu lake. Mkono, yaani mguu wa mbele, hutoka mzima pamoja na kombe la bega bila mfupa hata mmoja kukatwa. Mbwa naye ameumbwa vivyo hivyo. Hana mtulinga wa maana, na hakuna mahali ambapo mfupa wa mguu wa mbele unaungana na mfupa wa kiwiliwili. Kifua chake kimebebwa na misuli katikati ya makombe mawili, kama mtoto ndani ya mbeleko.

Maarifa hayo nilikuwa nayo tangu utotoni, jikoni kwa nyanya yangu. Niliyahitaji upya mwaka ambao mbwa wetu, Rottweiler jike wa kilo arobaini na kitu, alianza kuchechemea. Mwanzoni tulidhani ameteguka. Kisha uvimbe ukajitokeza juu kidogo ya kifundo cha mguu wa mbele wa kulia, mgumu, wenye joto, na akawa hataki uguswe. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa ulioliwa kutoka ndani, huku pembeni mfupa mwingine ukichipuka ovyo kuelekea kwenye nyama. Daktari alitoa kipande kwa sindano nene, kikapimwa, jibu likarudi: osteosakoma.

Hii ndiyo saratani kuu ya mifupa kwa mbwa. Katika kila uvimbe 100 unaoanzia kwenye mfupa, takriban 85 ni wa aina hii. Huwaandama mbwa wakubwa, akina Great Dane, Saint Bernard, Irish Wolfhound na Rottweiler, na huipata miguu ya mbele mara nyingi zaidi kuliko ya nyuma. Wanafunzi wa udaktari wa wanyama huikariri njia yake kwa maneno machache: mbali na kiwiko, karibu na goti. Uchungu wake ni mkali kwa sababu mfupa unabomolewa huku bado unabeba mzigo, na siku moja unaweza kuvunjika mbwa akishuka ngazi tu.

Nilimuuliza daktari kama mguu hauwezi kunusuriwa. Akanieleza habari za Stephen Withrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ambao tangu miaka ya 1980 walijenga ufundi wa kuondoa kipande chenye saratani, kupachika mfupa wa mbwa mwingine aliyekufa na kuukaza kwa bamba la chuma. Walichojifunza kwa mbwa kiliwafaa pia madaktari wanaotibu watoto wenye saratani hiyohiyo. Lakini ufundi huo unahitaji hazina ya mifupa, na maambukizi huwapata wagonjwa wengi baada yake. Hapa kwetu, akasema, kilicho salama ni kukata. Kisha akaongeza neno ambalo ndilo lililonituliza: "Mama, mguu huu ameshauacha mwenyewe. Mtazame anavyosimama." Nikatazama. Uzito wote ulikuwa kwenye miguu mitatu, na ule wa nne uligusa sakafu kwa ncha za kucha.

Majirani walisema walivyosema. Mbwa wengi wa hapa kwetu ni walinzi, na mlinzi wa miguu mitatu ni jambo geni mtaani. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kwa nini nisimpumzishe. Lilikuwa swali la haki, nami nilimjibu kwamba nitampumzisha siku dawa za maumivu zitakaposhindwa, na kwamba siku hiyo bado.

Upasuaji ulifanyika katika hospitali inayofundisha, na niliruhusiwa kusimama nyuma ya kioo pamoja na wanafunzi. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kuona ukatili. Nilichokiona ni utaratibu wa polepole ambao sijawahi kuuona kwa fundi yeyote wa mbao wala wa nguo.

Daktari hakuanzia kwenye uvimbe. Alianzia juu kabisa, penye ukingo wa kombe, mbali na ugonjwa. Wapo wanaokata kwenye kiungo cha bega na kuliacha kombe mahali pake, lakini misuli iliyobaki hunyauka na mfupa ukajitokeza chini ya ngozi, ukigongwa kila mbwa anapolala. Kuondoa kombe zima huacha ubavu laini. Huacha pia nafasi pana ya kuona kinachofanyika, na daktari huyu alipenda kuona.

Kila msuli aliukata pale unaposhikamana na mfupa. Mwanafunzi aliyekuwa kando yangu alinieleza sababu: katikati ya msuli kumejaa damu, lakini kwenye maungio yake kuna kano, na kano hazivuji sana. Kisu kikapita ukingoni mwa kombe, misuli ya shingo ikaachia, kisha ya mgongo, na kombe likaanza kuinuka kutoka kwenye mbavu. Kila mshipa uliovuja ulibanwa au kuchomwa kwa umeme kabla mkono wa daktari haujasogea mbele. Shashi zilikuwa zikihesabiwa kwa sauti. Sehemu kubwa ya muda aliitumia kusafisha na kutenganisha kwa ncha ya mkasi uliofumbwa, akiifungua nafasi iliyokwisha kuwepo baina ya msuli na msuli. Kukata kwenyewe kulikuwa kwa sekunde chache chache.

Kombe lilipoinuliwa, kwapa lote likafunguka kwa ndani, na hapo chumba kizima kilinyamaza. Kulikuwa na neva, nyeupe na nene kuliko nilivyodhani, na nyuma yake ateri iliyokuwa ikidunda. Daktari alidunga ganzi ndani ya kila neva, akasubiri, ndipo akaikata kwa wembe mkali, mkato mmoja. Mbwa alikuwa kwenye usingizi mzito, asingejua lolote. Lakini uti wa mgongo hujua. Neva ikikatwa bila ganzi hupeleka huko mshtuko mkubwa ambao unaweza kuacha maumivu ya mguu usiokuwepo tena. Nimekufikiria sana kule kusubiri kwa daktari. Hakuna ambaye angemlaumu kama asingesubiri, maana hakuna jicho ambalo lingeona tofauti.

Ateri ilifungwa kwanza, damu iliyokuwa mguuni ikapata nafasi ya kurudi mwilini, kisha vena ikafuata. Kila mshipa ulifungwa peke yake, mara mbili, na fundo moja la ateri lilipitishwa kwa sindano katika ukuta wa mshipa wenyewe ili lisiteleze kwa kusukumwa na moyo. Baada ya hapo ikabaki misuli ya kifua. Mguu ukatoka, na mwanafunzi akaupokea kwa mikono miwili.

Nilitarajia kwamba kazi imekwisha, kumbe daktari ndipo alipokaza macho zaidi. Misuli iliyoachwa wazi aliikunja na kuishona tabaka kwa tabaka juu ya mishipa iliyofungwa, ili usibaki uwazi wa kukusanya majimaji. Ngozi ilikuja mwisho, ikakutana bila kuvutwa.

Usiku ule mbwa alipewa dawa nzito za maumivu. Kesho yake alisimama, akasaidiwa kwa taulo iliyopitishwa chini ya kifua. Mfupa uliokuwa ukimtesa haukuwepo tena, na macho yake yalionyesha hivyo kabla miguu haijajua la kufanya.

Sitaficha hesabu. Mbwa wapatao tisa kati ya kumi huwa wana chembe za saratani zilizokwisha kutawanyika siku wanapogunduliwa, hata picha ya mapafu ikiwa safi. Wakikatwa mguu tu, nusu yao hufa ndani ya miezi minne au mitano hivi. Wakiongezewa dawa za saratani, mara nyingi kaboplatini kwa dripu kila wiki tatu, muda huo hufika miezi kumi hadi kumi na miwili. Tulichagua dawa. Manyoya hayakumtoka, siku mbili tatu baada ya dripu alikuwa akikataa chakula, kisha anakula.

Na hapo ufundi ukahamia kwake. Mbwa mwenye miguu minne hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake mbele, kwa hiyo aliyepoteza mguu wa mbele amepoteza nguzo kubwa. Polepole mguu wa kushoto uliingia ndani, ukawa unatua karibu na mstari wa katikati ya kifua. Kichwa kikajifunza kupanda na kushuka kwa kila hatua, kikiusaidia mguu kuinuka. Miguu ya nyuma ikasogea mbele chini ya tumbo kupokea mzigo. Kukimbia kulimrudia upesi. Kutembea taratibu ndiko kulikochelewa, na kusimama tuli ndiko kulikomchosha zaidi. Sakafu ya vigae ilimshinda, tukatandika mikeka kutoka mlangoni hadi kwenye bakuli lake. Geti likigongwa, yeye ndiye wa kwanza kufika.

Kila tunapomrudisha hospitalini, daktari humwangalia akitembea kwenye korido, kwenda na kurudi, kabla ya kumgusa. Kisha hupiga magoti, akakipapasa kiwiko cha kushoto, akakikunja na kukikunjua, akashuka hadi kwenye kifundo na vidole, akitafuta joto au ukakamavu. Hukata manyoya yaliyoota katikati ya vidole ili asiteleze. Mara ya mwisho alimpandisha kwenye mizani, akaisoma, akaniambia nipunguze ugali.