Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Tulikuwa na siku nne tu za kuutembelea mji wa Kairo, mimi na dada yangu, na mbili katika hizo tulizitumia kama wazitumiavyo wageni wote: tulisimama Giza mbele ya piramidi mpaka jua likatuchoma utosi, tukapanda ngome ya Salahuddin na kuzunguka msikiti wa Muhammad Ali uliomo ndani yake, na kila jioni tukarejea hoi, vichwa vimejaa majina ya wafalme. Sikatai kwamba hayo yote ni ya kustaajabisha. Lakini jicho likilishwa mno hukinai, na naona mji ule ungebaki kwetu mfano wa picha ukutani, lau dada asingetaka, asubuhi ya siku ya tatu, twende kwa miguu hadi Bab Zuwayla.

Lango hilo lilijengwa mwaka 1092, katika dola ya Fatimiya, kwa amri ya waziri Badr al-Jamali, na minara miwili iliyokaa juu ya buruji zake ni ya msikiti wa Sultani al-Mu'ayyad, uliokuja zaidi ya miaka 300 baadaye. Ukitoka langoni kuelekea kusini unaingia katika njia yenye kivuli, iliyoezekwa kwa mbao, nayo ni soko alilolijenga Radwan Bey mnamo mwaka 1650. Na humo, katika vijiduka vilivyoinuliwa mfano wa baraza, wanaume wamekaa wamekunja miguu, turubai mapajani, wakishona. Hao ndio mafundi wa mahema, na kazi yao huitwa khayamiya.

Fundi huchora nakshi yake kwenye karatasi, akaitoboa kwa sindano tundu kwa tundu kuufuata mstari, akaitandaza juu ya turubai na kuipangusia unga wa makaa. Karatasi ikiondolewa, nakshi imeshukia kitambaani kwa nukta. Kisha hukata vipande vya pamba vya rangi, kwa mkasi mkubwa ambao mtu angeudhania ni wa kukatia ngozi, akakiweka kimoja juu ya turubai, na kwa ncha ya sindano akaukunja ukingo wake ndani, kidogo kidogo, huku akiushona palepale, hata uzi ukafichika chini ya mkunjo na ua likaonekana kana kwamba limeota lenyewe. Kwa mikono ya namna hiyo yalipambwa zamani mahema ya harusi, ya matanga na ya usiku wa Ramadhani, katika mji huohuo ambao kwa karne nyingi ulikuwa ukipeleka Makka kiswa cha Al-Kaaba.

Dada hakutazama nakshi. Aliomba ruhusa, kwa Kiarabu chetu cha chuoni, akakipindua kitambaa. “Tazama huku, mdogo wangu,” akaniambia, “mbele hata mvivu hupendezesha.” Nami nikakumbuka ukumbi wa nyumba yetu Unguja, na msichana aliyekaa mkekani kila alasiri baada ya kuosha vyombo, akishona kofia kwa mkono, tundu moja baada ya jingine, miezi mpaka imalizike, nami nikiwa pembeni yake, nikisoma vitabu vilivyonunuliwa kwa kofia hizo. Miaka yote hiyo nilidhani kwamba aliyekuwa akijifunza ukumbini mle ni mimi.

Siku hizi mahema mengi ya Misri huvikwa vitambaa vilivyopigwa chapa kiwandani kwa nakshi zilezile, na mafundi wengi wamegeukia kushona mito na mapazia ya ukutani ya kuwauzia wageni. Nimeviona vitambaa hivyo vya chapa. Ukivipindua, nyuma hamna kitu: rangi imechujuka tu, wala hakuna alama ya mtu aliyekaa, akachoka, akaendelea. Huo kwangu ni msiba, wala sioni haya kuuita hivyo, kwani ufundi huu hauhifadhiki kitabuni. Hukaa katika kidole gumba na shahada, na hupita kwa kijana aliyekaa karibu akitazama.

Fundi yule, mzee mwenye kidole kilichosagika kwa sindano, alimtazama dada anavyokishika kitambaa, akatambua. Hakuuliza kitu, alisogea, akampa nafasi barazani, akamkabidhi sindano yenye uzi na jani moja la buluu lililokuwa halijashonwa. Dada, ambaye kwa miaka mingi hakuwa ameshona ila vifungo, akavaa miwani, akaukunja ukingo, akaanza. Nilisimama njiani, punda na mikokoteni ikinipita, wala sikumbuki kama nilisimama nusu saa au zaidi. Alipomaliza, mzee akalichukua turubai, akalipindua, akaupitisha ule mshono chini ya kidole chake kutoka shina hadi ncha. Hakuufumua. Akatunga uzi mpya, akaanza jani la pili kando ya lile la dada.