Sifa ya Wenye Kuorodhesha Watambaao wa Mlimani

Katika kazi zinazomdai mtu subira, sijaona yenye adabu kubwa kuliko ya kuorodhesha nyoka, vinyonga, mijusi na vyura wa Mlima Kenya na wa safu ya Nyandarua, ambao mji wa Nyeri umekaa baina yao. Husemwa kuwa visiwa ndivyo vyenye viumbe wasiopatikana kwingine. Lakini vilele hivi navyo ni visiwa, kwa kuwa kiumbe aliyezoea baridi ya juu hawezi kuvuka nchi ya joto iliyo chini, akabaki peke yake na kizazi chake hata akawa mbali na jamaa zake wa milima mingine.

Kazi yenyewe aghalabu hufanywa usiku. Kinyonga mwenye pembe tatu, ambaye mchana hupita machoni pa mchuma chai wa Othaya bila kutambuliwa, usiku hulala kwenye ncha ya kijiti, rangi yake ikapauka, na mwanga wa kurunzi ukimwangukia hudhihirika mara moja. Mkaguzi humshika kwa upole, akampima urefu na uzito, akaandika mti, saa na baridi ya hewa, kisha akamrudisha kijitini pale pale. Chura hutafutwa kwa sikio kwanza, maana kila aina ina mlio wake, na fundi hodari husimama gizani kando ya kinamasi, akazipambanua sauti zilizochanganyika kabla hajawasha taa. Wasiolia wala kupanda miti huviziwa kwa ndoo zilizofukiwa hadi ukingoni, zikaunganishwa kwa uzio mfupi wa plastiki. Na ndoo hizo hazina budi kukaguliwa kila alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe, kwani aliyenaswa humo ni amana.

Lakini fadhila kuu ya kazi hii, kwa maoni yangu, imo katika kijikaratasi kinachotaja mahali na kimo kutoka usawa wa bahari. Mtaalamu Boulenger alipomtangaza mwaka 1910 nyoka mdogo wa jamii ya kifutu, ambaye wataalamu humwita hindii, kielelezo kiliandikwa kuwa kimetoka Fort Hall, yaani Murang'a. Ilhali maskani yake yanayojulikana ni nyika za nyasi za Nyandarua na Mlima Kenya, juu ya mita 2,700, ambako huota jua juu ya mafungu ya nyasi na kujificha humo baridi ikizidi, tena huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai katika udongo ule wa baridi. Neno moja la mahali, likiandikwa bila uangalifu, humpotosha msomaji kwa miaka mingi.

Wala orodha haijafungwa. James Ashe alimtangaza nyoka wa matawini wa Chuka, desaixi, mwaka 1968, naye chura wa msitu wa Irangi, upande wa Embu, hakupewa jina la kitaalamu mpaka mwaka 2000. Bila shaka wakulima wa kando ya misitu ile walipishana nao zamani, na hapana mkaguzi afanikiwaye bila wakulima. Lakini kwao hadithi ya kinyonga aliyetumwa na Mungu kuleta habari ya uzima akachelewa ingali inasimuliwa, na wengi hawajamsamehe. Mkaguzi mwema hamcheki anayeogopa, bali humweka kinyonga kiganjani, akasubiri.

Mwaka 1976 Claes Andrén alichapisha uchunguzi wake wa reptilia wa ukanda wa juu wa Nyandarua, yaani Aberdare, na Mlima Kenya. Tangu hapo barafu ya Mlima Kenya imezidi kupungua, na joto likipanda, mnyama wa mteremko huenda akahamia juu, lakini aliye karibu na kilele hana pa kuhamia. Kujua kama hindii amesogea, na kwa mita ngapi, hakuna njia ila kurudi katika nyasi zile zile, majira yale yale, na kuandika kwa insafu hata siku ambayo hakuonekana mnyama hata mmoja. Vijana wa Naro Moru wabebao mizigo ya wapanda mlima hupita huko mwaka mzima, na ningependa wao ndio wafundishwe kazi hii kwanza, tena walipwe kwayo.