Adabu ya Mshereheshaji

Katika mila zetu hakuna shughuli inayoachwa ijiendeshe yenyewe. Posa ina mshenga wake, unyago una kungwi wake, ngoma ina manju wake, na msiba una watani wake. Mijini, na sasa hata vijijini, amezuka mwingine: mshereheshaji, ambaye wengi humwita emsii, ashikaye kipaza sauti ukumbini tangu jioni hadi usiku wa manane. Hatuandiki ili kumkebehi. Kazi yake ni halali, na ujira wake ni jasho lake. Tunalotaka kulipima ni hili: je, kazi hiyo inayo miiko?

Tuanze na mtani, maana ndiye anayeigwa zaidi. Kwa desturi, Mzaramo akifiwa, mtani wake Mnyamwezi aliweza kumdhihaki marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna aliyekasirika. Mgeni asiyejua angeshangaa. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyeshika jembe kaburini na kutumwa huku na huko katika kazi za msiba; na siku akifiwa yeye, zamu ya kudhihakiwa ilikuwa yake. Uhuru wa ulimi wake aliulipia kwa mikono yake.

Sasa na tumtazame mshereheshaji anayemcheka mama wa bwana harusi kwa unene wake, au kuwasimanga wakwe kwa kabila lao. Ameichukua ruhusa ya mtani na kuuacha wajibu wake. Nyumba ile ikipatwa na msiba, hatakuwapo. Huo si utani. Ni matusi yaliyovikwa suti.

Hali ni hiyo hiyo kwa wengine tuliowataja. Ndoa ikitikisika, mshenga huitwa aeleze aliyoyabeba baina ya pande mbili. Kungwi hubaki na siri za mwari wake hadi uzeeni. Miiko yao haikuandikwa popote, bali ililindwa na jambo moja: kila mmoja aliweza kuulizwa kesho. Mshereheshaji hulipwa, hukunja nyaya zake, akaenda zake.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni usajili. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, limekuwa likiwataka washereheshaji wajisajili, nasi tunaliunga mkono. Hata hivyo, usajili humtambulisha mtu, haumfundishi adabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuishia kumpa leseni mfungishaji ndoa. Ilidai ridhaa ya hiari ya wanaooana, ikataka mashahidi wasiopungua wawili, ikaagiza ndoa iandikishwe. Leseni yake ina masharti ya kazi. Mshereheshaji naye anayahitaji.

Kwa maoni yetu, masharti hayo hayawi mengi. Kwanza, azitembelee familia zote mbili kabla ya siku yenyewe, aulize yasiyopaswa kutajwa: mzazi aliyefariki karibuni, ndoa ya awali iliyovunjika, mahari ambayo haijamalizika. Pili, asitangaze nani amechanga kiasi gani. Mchango ni hisani, na mara nyingi aliyetoa kidogo ndiye aliyejinyima zaidi. Tatu, asimsifu mtu kwa ajili ya bahasha, kwani sifa ya kununuliwa humshushia hadhi anunuaye na auzaye pia. Nne, aseme lugha ambayo bibi aliyetoka kijijini ataielewa. Shughuli ni yake kabla haijawa ya wageni. Tano, aliyoyaona na kuyasikia katika nyumba ya watu yabaki humo humo. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nao hawakuwa na vipaza sauti.

Walimu wanaweza kuanzia karibu, kwenye mahafali ya shule. Mwanafunzi atakayeendesha shughuli asichaguliwe kwa wepesi wa mdomo peke yake. Apewe siku kadhaa za kuwauliza wenzake na walezi wao, ajifunze kuyatamka sawasawa majina ya wazee watakaokuja, na siku ya pili asimame mbele ya wenzake aulizwe juu ya kila alilolisema. Akizoea kuulizwa angali shuleni, atakapopewa kipaza sauti ukumbini atajua kwamba maneno yale amekabidhiwa na wenye shughuli, na kwamba wanayo haki ya kumdai.