Macho ya Barazani

Wataalamu wa miji wanapotueleza kwa nini mtaa mmoja una usalama na mwingine hauna, aghalabu hutaja kitabu cha Mmarekani mmoja, Bibi Jane Jacobs, kiitwacho The Death and Life of Great American Cities, kilichotoka mwaka 1961. Bibi huyo hakuwa mpangaji wa miji kwa cheo. Alikuwa mkazi wa Greenwich Village, mtaa wa zamani katika jiji la New York, na aliandika wakati wakubwa wa miji ya kwao wakibomoa mitaa ya namna hiyo kwa jina la maendeleo.

Nimekisoma huku Kwai, milimani Usambara, lakini mtaa uliokuwa akilini mwangu tangu mwanzo ni Ngamiani, Tanga. Kwetu sisi Washambaa, Tanga ndio mji. Kabichi na karoti zetu huteremkia huko, na vijana wetu wengi wamepanga chumba Ngamiani kabla ya kuujua mji mwingine wowote. Basi naomba, msomaji, tukipime kitabu hiki kwa kipimo hicho.

Hoja yake kuu ni nyepesi kuieleza. Usalama wa mtaa hauanzi na polisi. Huletwa na macho ya watu: mwenye duka mlangoni, mzee dirishani, wapita njia wasiokatika. Macho hayo yatakuwapo ikiwa makazi na biashara vinakaa pamoja, ikiwa njia ni fupi na zina pembe nyingi, na ikiwa yapo majengo ya zamani yenye kodi nafuu, ambamo mwenye mtaji mdogo aweza kuanza kazi.

Aliyepata kuishi Ngamiani hatabishana naye. Barabara zake zimenyooka na huitwa kwa namba: ya 8, ya 12, na kuendelea. Nyumba zake za asili ni za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Barazani fundi ameweka cherehani yake, wazee wana bao lao, na mama ana karai la vitumbua. Hakuna aliyeajiriwa kulinda. Lakini mgeni akipita mara ya pili akitazama milango, ataulizwa anamtafuta nani. Swali hilo ni ukarimu na ulinzi kwa pamoja.

Hata hivyo nakiona kitabu kina upungufu wa mambo mawili.

Kwanza, kinatazama njiani mno. Mwandishi anatenga sawasawa mambo ya njiani na mambo ya ndani, kisha anabaki njiani. Ngamiani nusu ya usalama iko uani. Huko ndiko wapangaji wa vyumba sita wanakopikia, wanakofulia na kugombania kamba ya kuanikia nguo. Nilipokuwa mpangaji nilishikwa na homa siku moja, nikashindwa kuinuka. Mama mwenye nyumba aliona ndoo yangu haijaguswa tangu asubuhi, akabisha hodi kabla ya adhuhuri. Hakuna macho ya barabarani ambayo yangeiona ndoo ile. Wanawake na watoto, ambao saa nyingi za siku zao ni za uani, hupata hifadhi yao ya kwanza hapo, na pia taabu yao ya kwanza, kwa kuwa macho yanayolinda ndiyo yanayochungulia. Kitabu hakilipi jambo hilo uzito wake.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, kitabu hakiulizi vya kutosha macho yale yanakula nini. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na bandari ya Tanga ilishiba. Kisha kamba za nailoni zikashusha bei, na mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967. Kufikia miaka ya 1990 mavuno hayakufika tani 40,000. Kiwanda cha mbolea kilichofunguliwa mwaka 1972 kilifungwa mwaka 1991. Baraza zilibaki palepale na macho yalibaki palepale, lakini mifuko ilikuwa mitupu. Mpangaji asiye na mshahara halipi kodi. Mwenye nyumba asiyepata kodi haezeki upya. Akifa, warithi wako Dar es Salaam au Muscat. Nyumba moja haigawanyiki kwa watu kumi, kwa hiyo inaachwa ivuje mpaka ukuta uanguke, au inauzwa.

Wazee wa Kishambaa wana msemo, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu. Katika msemo huo mvua, chakula na amani havitenganishwi. Mtawala ambaye enzi yake ilikuwa ya njaa alihesabiwa ameiharibu nchi, hata kama hapakuwa na vita. Naona wazee wetu walikiona kile ambacho Bibi Jacobs alikipita: kwamba ulinzi wa mtaa ni tunda, na mzizi wake ni riziki.

Haki yake nampa katika sura moja ambayo hutajwa kwa nadra. Ndani yake anatofautisha fedha inayoingia mtaani kidogo kidogo na fedha inayoingia kama gharika. Mkulima wa milimani hahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Manyunyu hulisha shamba la mtelemko, lakini mvua ya ghafla hulichukua shamba lote hadi bondeni. Sasa Tanga inatarajia neema mpya. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limeelekezwa Chongoleani, kando ya jiji. Siombi fedha hiyo isije. Mji umeisubiri riziki miaka mingi. Nauliza itaingiaje Ngamiani. Ikija kama mkopo mdogo wa mabati na saruji, nyumba itasimama na mama wa vitumbua atabaki. Ikija kama mnunuzi wa barabara nzima, baraza zitavunjwa, ukuta mrefu utajengwa, na mlinzi wa mshahara atawekwa getini kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa bure.

Watu wa hifadhi nao wasikilize. Boma la zamani la Wajerumani pale Tanga limegeuzwa makumbusho, nami nalisifu jambo hilo. Lakini Boma halina mpangaji. Nyumba ya Ngamiani inayo sita, na anayetaka kuihifadhi lazima kwanza ajibu mambo mawili: wakati wa matengenezo watu hawa watalala wapi, na wakirudi watatozwa kodi gani? Mpango usio na majibu hayo unahifadhi kuta peke yake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kitabu cha Bibi Jacobs kimetufikisha mlangoni, nacho chastahili kusomwa kwa hilo. Kuingia ndani ni kazi yetu wenyewe.