Fundi wa Kupunguza

Mafundi wengi wa pikipiki mjini Sindo huishi kwa kuongeza. Ukipita kando ya soko, kabla hujafika pale omena huanikwa, utakuta mashine za kuchomelea zikirusha cheche mchana kutwa. Huyu anarefushiwa keria, yule anapachikiwa gadi ya pili mbele ya gadi ya kwanza, mwingine anatafutiwa mahali pa kisanduku cha spika, na mwavuli nao unachongewa mlingoti wake. Kibanda cha mwisho katika safu hiyo ni cha mzee ambaye watu humfuata kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Yeye hupunguza. Pikipiki iliyochakaa ikiingia kwake hutoka ndogo kuliko ilivyoingia, na mwenyewe huondoka akiitazama kwa mashaka, kana kwamba ameibiwa, mpaka afike mlimani.

Nilipoketi kwake kijana mmoja alikuja na Boxer iliyoiva kwa umri, tangi limepauka, kiti kimeshonwa mara tatu kwa nyuzi za rangi tofauti. Shida yake ilikuwa miinuko ya Gwassi. "Piki haipandi, mzee. Niwekee sproketi kubwa nyuma." Mzee hakugusa spana. Alishika ncha ya keria kwa mikono miwili, akakunja magoti, akainua mkia wa pikipiki kidogo na kuushusha. Akarudia kwa upande wa mbele. Kisha akasema, "Injini haina kosa, nyathina. Inabeba mzigo wa kwanza kabla hujapata abiria."

Uzito huo una historia yake. Boxer ni kazi ya Bajaj wa India, na sheria za India zinataka pikipiki iwe na kinga ubavuni mwa gurudumu la nyuma ili sari ya mama aliyeketi upande isinaswe na spoku. Ni kifaa cha busara huko kilikotoka. Sindo mama hupanda boda na leso yake kaifunga vizuri, na miaka nenda miaka rudi chuma kile huzunguka naye bila kumlinda na lolote. Hapo tena ndipo tunapoanza kuongeza vyetu. Zamani pikipiki za huku zilikuwa za padre, za bwana kilimo, za maafisa waliokuwa wakifuatilia mbung'o katika bonde la Lambwe. Zilikuwa chache na kila moja ilijulikana kwa mlio wake. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, zikamiminika, na kila steji ikawa na mtindo wake wa chuma. Mtu hakuuliza tena kwa nini gadi iwe mbili. Aliona mwenzake anazo.

Sasa niseme juu ya mizani, maana ndiyo iliyonifanya nikae pale mpaka jua likazama.

Mzee hana mizani yake. Huazima kwa mama mmoja mchuuzi wa mbuta, jirani yake, ile ya kuning'iniza yenye uso wa duara na mshale, na ndoana imeshika kutu ya maji ya samaki. Huitundika kwenye boriti ya kibanda. Kila kitu anachokitoa kwenye pikipiki hupitia kwenye ndoana ile kabla ya kuwekwa chini, na mwenye pikipiki hulazimika kusimama na kusoma mshale kwa sauti. Kinga ya sari iliponing'inia pale, mama alipaza sauti kutoka kwenye meza yake: "Japuonj, leo umevua nini?" Mzee akajibu bila kugeuka, "Mbuta wa India." Watu wakacheka, lakini kijana hakucheka. Alikuwa ameanza kuhesabu.

Kitu cha kwanza kupanda mizani, hata hivyo, hakikuwa chuma. Kilikuwa udongo. Mzee alilaza pikipiki ubavu, akachukua kisu butu, akaanza kukwangua chini ya madigadi ya nyuma na kwenye pembe za fremu, mahali ambapo maji ya kuoshea boda pale ziwani hayafiki. Ulitoka udongo mweusi wa Lambwe, ule unaoshika kiatu mvua ikinyesha na kugeuka jiwe jua likiwaka, matabaka juu ya matabaka, msimu juu ya msimu. Ndani yake mlikuwa na majani makavu, kipande cha kamba ya nailoni ya wavu, na magamba ya samaki. Aliukusanya wote katika mfuko wa nailoni na kuutundika. Mshale ukasogea kilo moja, ukaendelea, ukatulia karibu na mbili. Kijana aliitazama ile mizani akiwa ameshika kiuno. Amekuwa akiununulia petroli udongo ule kwa miaka, kupanda na kushuka.

Ndipo spana zikaanza kufanya kazi. Gadi ya nje ilitoka, ile ya ndani ikabaki, kwa kuwa mguu wa mtu, alisema mzee, haununuliwi dukani. Mlingoti wa mwavuli ukatoka. Spika na betri yake ya pili zikatoka, ingawa hapo palikuwa na majadiliano marefu. Keria ndiyo ilichukua muda. Ilikuwa imerefushwa mara mbili na mafundi wawili tofauti, kila mmoja akiwa amechomelea juu ya kazi ya mwenziwe, hata fremu ya asili ikawa haionekani. Mzee aliikata kwa msumeno wa mkono. Mashine ya kukatia anayo. Alisema mashine haimwambii chuma kinaishia wapi na weldi inaanzia wapi.

Mimi si fundi, lakini nilielewa alipoeleza kwa kidole vumbini kwa nini keria ndiyo adui wa Gwassi. Mzigo unaokaa nyuma ya ekseli ya nyuma huifanya ekseli ile kuwa mhimili. Unapopanda mlima, mkia unavuta chini, gurudumu la mbele linapata uwepesi usiotakiwa, na usukani unaanza kuogelea. Kijana amekuwa akilaumu injini, kumbe nusu ya hofu yake ilitokana na chuma kilichoning'inia mahali pabaya. Kisha mzee akaenda kwenye magurudumu. Kijana alikuwa ameyavalisha matairi mazito ya kashata, akidhani ni imara zaidi. Uzito wa ukingoni mwa gurudumu hulipiwa mara mbili, kwa sababu injini inausukuma mbele na papo hapo inauzungusha. Kilo moja pale inaichosha injini, wakati wa kuondoka, sawasawa na kilo mbili zilizokaa juu ya kiti. Mzee hakuwahi kusoma jambo hili mahali popote. Alilijua kwa kuzungusha gurudumu hewani na kulizuia kwa kiganja.

Huko ng'ambo sanaa hii ina jina na heshima yake. Askari wa Kimarekani waliorudi kutoka vita vya pili vya dunia walikata madigadi ya pikipiki zao nzito. Vijana wa London miaka ya hamsini, waliokuwa wakikusanyika Ace Cafe, walizivua pikipiki za barabarani kila kisichosaidia mbio. Honda alipotoa Super Cub mwaka 1958 aliweka plastiki mahali pa bati kwenye madigadi ya mbele na kinga ya miguu, na pikipiki ile imekwishavuka milioni 100. Nimeziona picha za pikipiki za London. Ni nzuri kutazama. Lakini vitu ambavyo vijana wale wangeving'oa kwanza ndivyo mzee wa Sindo alivyokataa kuvigusa.

Kifuniko cha cheni, kwa mfano. Ni bati refu, lina kelele, na kijana alitaka kiondoke. Mzee akamwuliza mchanga wa ufuoni utaingia wapi. Cheni iliyo wazi, katika vumbi la barabara hizi, inakula meno ya sproketi upesi, na uzito uliookoa utaulipa dukani. Kikabaki. Standi ya kati nayo ni nzito, labda nzito kuliko kinga ya sari. Ikabaki pia, kwa sababu boda wa Sindo hupakia samaki ufuoni, na standi ya pembeni huzama mchangani hata pikipiki ikaanguka na mzigo wa watu. Madigadi ya mbele yalibaki yote. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Sote tumewahi kula udongo mweusi.

Hapo ndipo nilipoona kazi yenyewe ilipo. Kung'oa ni rahisi, mtoto mwenye spana namba kumi atang'oa pikipiki nzima kabla ya chakula cha mchana. Mzee anajua kila kipande kinafanya nini, wapi, kwa nani, na anakipima kwa njia ambayo pikipiki hii, na si nyingine, itapita kesho. Anasema jicho hilo alilipata kwa mjomba wake aliyeunda mitumbwi ya mbao ya mtindo wa Sesse, uliotoka visiwa vya Uganda. Mjomba alipiga randa ubao mpaka ukawa mwembamba kiasi cha watu kuubeba mtumbwi kutoka majini, akaacha unene palepale mawe ya ufuo yanapokwaruza.

Na hakuishia kwenye kutoa. Mahali alipokata keria alipiga tupa mpaka ncha zikawa duara, akazipitishia kidole, akazipitishia tena kitambaa kuona kama kinanasa. Bolti ndefu zilizobaki zikining'inia baada ya gadi kutoka alizibadilisha kwa fupi, moja moja, na matundu yaliyoachwa wazi kwenye fremu akayaziba ili maji yasiingie na kuila kutoka ndani. Kazi hii yote haikupunguza hata robo kilo. Ilimchukua muda mrefu kuliko kung'oa. Mteja hataiona, na sidhani kama alimtoza kwa hiyo.

Jumla ya vyote vilivyopita mizanini, pamoja na udongo, ilifika karibu kilo 18. Ni kama kumshusha mtoto wa shule aliyekuwa amepanda bure kila siku bila kujulikana.

Lakini nilipomwuliza ni wangapi humletea kazi ya namna hii siku hizi, alicheka kicheko kifupi. Wapo vijana wanaopunguza wenyewe, ndiyo. Wanatoa sailensa ili piki ilie, wanatoa vioo, wanafungua breki ya mbele kwa kuwa inakwaruza, wanaiita nyepesi. Hao mzee hawezi kuwataja bila kutema mate pembeni. Wengine hawapunguzi wala hawatunzi. Wanachukua pikipiki mpya kwa mkopo, wanalipa kila siku kwa simu, wanaiendesha usiku na mchana wakiwa na abiria wawili au watatu ambapo sheria inaruhusu mmoja, na ikianza kulegea wanaiuza na kuchukua nyingine. Pikipiki haikai kwa mtu muda wa kutosha ajue inachobeba. Na sanaa ya kupunguza inahitaji muda huo. Hupunguzi kitu ambacho hujakizoea.

Sasa zimekuja na pikipiki za umeme. Kandokando ya ziwa kuna vituo vya sola ambavyo vilianza kwa kuchaji taa za wavuvi wa omena, na sasa vinachaji betri za piki. Sizichukii. Hewa itashukuru, na wanaoziendesha wanasifu ukimya wake. Ila mzee aliwahi kuinua betri moja, akaipima kwa mikono kama anavyopima kila kitu, akatafuta bolti ya kuifungulia. Hakuna. Sanduku limezibwa, na kwa mpango wa kubadilishana si mali ya anayeiendesha. Uzito mkubwa kuliko wote kwenye pikipiki ile hauruhusiwi kuguswa na mtu yeyote wa Sindo.

Jioni ile, wakati kijana wa Boxer akishuka kujaribu kilima cha karibu, alisimama boda mwingine kibandani kwa upepo wa tairi. Pikipiki yake ilikuwa mpya, nailoni ya kiwandani bado imeshika kwenye tangi, na tayari ilikuwa na gadi mbili na keria ya kuongeza. Mzee aliizunguka mara moja. Akamwambia kuna kazi ya nusu siku hapo, na hatamtoza nyingi. "Siwezi, omera," kijana akasema. "Wenye mkopo hawataki ifunguliwe mpaka nimalize deni." Mzee akamwuliza deni litaisha lini. Kijana akatoa simu, akaangalia, akamwonyesha. Mzee akamrudishia simu yake, akachukua pampu, akamjazia upepo.