Miamba Yenye Hesabu, Isiyo na Majina

Mwaka 1951 Bibi Mary Leakey na mumewe Louis walipiga kambi katika vilima vya Kolo, kusini ya Babati kwenye njia iendayo Kondoa, wakainakili michoro ya kale iliyo juu ya miamba. Kazi hiyo ilitokea kuwa kitabu mwaka 1983, kiitwacho Africa's Vanishing Art. Twakisifu kwa moyo. Twiga wamo, na pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Na michoro mingine ambayo jua na mvua vimeifuta juu ya mwamba yaonekana vizuri katika karatasi. Mwaka 2006 UNESCO iliitia miamba ile katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini tunayo hoja. Wataalamu huliita pango kwa jina la kijiji kilicho karibu, kisha huongeza hesabu: Kisese ya pili, Cheke ya tatu. Hesabu yamfaa mgeni apate kuparudia mahali pale pale, ila haina habari ndani yake. Pango moja la Kolo limeandikwa kwa herufi B na hesabu, hali wenyeji hupaita Mungomi, na tangu zamani wamekwenda huko kuomba mvua na uponyaji. Je, ni lipi lililo kumbukumbu, herufi ile au neno hili?

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Mlima ulio juu ya mji wetu wa Babati huandikwa mara Kwaraa, mara Kwaraha, na katika vitabu vingine Ufiome, kwa kuwa Wagorowa waliitwa Wafiome. Na uwanda ulio chini ya Hanang twauita Mang'ati bila kufikiri. Neno hilo ni la Wamasai, nalo maana yake ni adui. Ndivyo walivyowaita Wadatoga. Basi wenye ng'ombe wao pale wanakaa katika nchi iliyopewa jina na watu waliopigana nao! Ramani hainong'oni hata kidogo juu ya jambo hilo.

Nchi hii ni ya lugha nyingi mno. Kirangi na Kimbugwe ni ndugu, nacho Kigorowa kimekaa katikati yao, ndugu yake Kiiraqw. Wadatoga wana lugha yao mbali. Na kusini-magharibi wako Wasandawe wenye sauti za kualisha. Kijito kimoja chaweza kuwa na majina matatu, na kila jina ni ushuhuda wa watu waliopita hapo. Vijana wetu husema Kiswahili nyumbani, na wazee wanazikwa.

Wako Wakristo waogopao kuandika jina la mahali pa matambiko. Hofu hiyo hatuikubali. Kuandika si kuabudu: Yakobo alipaita mahali pale Betheli, lakini Mwanzo haukuficha kwamba mji ule uliitwa Luzu hapo kwanza.

Mwalimu atakayeandika majina ya kijiji chake na aandike pia ni nani aliyemwambia, kwa lugha gani, na mwaka gani. Akikuta majina mawili ayaandike yote mawili, asichague lile lililo rahisi kutamka. Kwaraa na Ufiome vyatosha katika mstari mmoja.